Moduli sita, databesi moja: FK zivuke mipaka ya moduli au zikatwe?

#1 FundiSkima

Wakuu, salaam.

Naomba tulijadili hili kwa kina maana linaninyima usingizi. Tuna bekiendi moja iliyogawanywa moduli sita: watumiaji, bidhaa, stoo, oda, malipo na ripoti. Kila moduli ina folda yake, huduma zake na majaribio yake. Ukifungua msimbo unapendeza. Chini yake kuna PostgreSQL moja, majedwali kama sabini, yote kwenye skima (fungu la majedwali ndani ya databesi) ya `public`.

Wiki iliyopita mwenzangu wa moduli ya oda alibadili jina la safuwima moja, `hali` ikawa `hatua`. Majaribio ya oda yakapita yote, toleo likapanda. Ripoti zikaanguka papo hapo, hilo tuliliona. Ambalo hatukuliona ni kazi ya usiku ya malipo, ambayo kumbe ilikuwa inasoma jedwali la oda kwa SQL (lugha ya databesi) iliyoandikwa kwa mkono. Ilikamata kosa, ikaliandika kwenye logi, ikaendelea. Siku tatu malipo hayakuoanishwa na oda zake.

Ninavyoona, mipaka yetu ipo kwenye folda tu. Kwenye databesi hakuna moduli, kuna kisima kimoja na kila mtu ana ndoo yake. Nataka kukata kila ufunguo wa kigeni, yaani FK (sheria ya databesi kwamba namba inayotajwa kwenye jedwali moja lazima iwepo kwenye jingine), unaovuka moduli. Moduli ikitaka data ya mwenzie iite huduma yake.

Nimekosea wapi? Nawasilisha.

#2 MzeeWaJedwali

Ugonjwa umeueleza vizuri, dawa ndiyo siyo. Kilichokuangusha ni kwiri (ombi la SQL) ya mkono iliyosoma safuwima ya watu wengine. FK haikuhusika kabisa. Zikate zote leo, kwiri ile ile ingeanguka vile vile.

Edgar Codd alipoandika kuhusu modeli ya uhusiano mwaka 1970, alianza na hoja kwamba anayetumia data asilazimike kujua imepangwaje ndani ya mashine. Databesi ya uhusiano ilizaliwa kumlinda msomaji. Sasa wewe unataka kuiondolea ulinzi wake mkubwa ili folda zionekane safi.

Niliwahi kurithi mfumo uliokatwa FK kwa sababu hiyo hiyo. Tulikuta malipo yanayoelekeza kwenye oda zisizokuwepo. Hakuna aliyejua zilifutwa lini wala na nani. Kuzitafuta kulituchukua muda mrefu kuliko kuandika moduli yenyewe.

#3 NuruKodi

Mzee, nakuheshimu, ila hapa tunaachana.

David Parnas aliandika mwaka 1972 kwamba moduli ijengwe kuzunguka uamuzi unaoweza kubadilika, na kazi yake ni kuuficha uamuzi huo. Uamuzi gani unabadilika zaidi kwenye mfumo wa FundiSkima? Umbo la majedwali, na ametuonyesha mwenyewe. FK kutoka `malipo` kwenda `oda` inamaanisha malipo anajua oda ina jedwali gani, jina gani, ufunguo wa aina gani. Kesho oda akitaka kuligawa jedwali lake mara mbili, lazima aende kwanza kuomba ruhusa kwa malipo.

Ninachotunza kwenye malipo ni namba ya oda tu. Namba ni jina la kitu, na kulijua jina hakunipi haki ya kuingia chumbani mwake.

#4 Kipanga

Mbona mnarukia FK na hatua ya katikati mmeiacha? Kila moduli ipewe skima yake ndani ya databesi hiyo hiyo: `oda.maagizo`, `malipo.risiti`, `stoo.salio`. Halafu kila moduli ipewe akaunti yake ya databesi yenye ruhusa kwenye skima yake pekee. Kazi ya usiku ya malipo ikijaribu kusoma `oda.maagizo` inakataliwa siku ya kwanza kabisa, kwenye kompyuta ya aliyeiandika. Haifiki hata kwenye toleo.

Nimefanya hivi kwenye mifumo miwili. Siku ya kuwasha ruhusa tulikuta kwiri kumi na moja ambazo hakuna aliyekumbuka zipo.

Na FK kati ya skima mbili inafanya kazi kama kawaida, kwa hiyo Mzee halii na Nuru halii. MySQL nayo ni hivyo hivyo, skima ni tabaka ndani ya databesi.

#5 DadaSeva

Kipanga, hilo la mwisho rekebisha. Kwenye MySQL skima na databesi ni kitu kimoja chenye majina mawili, hakuna tabaka la pili. Ila ukitumia InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data, FK inaweza kutoka databesi moja kwenda nyingine zikiwa kwenye seva moja. PostgreSQL ni kinyume: FK inavuka skima, haivuki databesi.

Hili lina uzito kwa mleta mada. Akigawa databesi sita kwenye PostgreSQL, mjadala wa FK unajifunga wenyewe, na joini ya kawaida (kwiri moja inayounganisha majedwali) kati ya moduli inakufa pia. Akigawa skima sita, bado ana uchaguzi.

#6 Kipanga

Asante dada, nimerekebishwa.

#7 Mwanagenzi

Samahani kwa swali la mgeni. Akaunti sita si ina maana miunganisho inazidishwa mara sita? Na oda ikitaka kupunguza stoo kwenye transakisheni moja (hatua zinazokamilika zote au zinafutika zote), inakuwaje kama kila moduli ina akaunti yake?

#8 Kipanga

Swali zuri kuliko majibu yetu mengi.

PostgreSQL inaanzisha prosesi nzima kwa kila muunganisho, na kikomo cha kuanzia ni 100. Moduli 6, kila moja ikishika miunganisho 10, kwenye nakala 3 za programu, ni 180. Umeshavuka kabla mteja wa kwanza hajaingia.

Mimi naunganisha kwa akaunti moja ambayo ni mwanachama wa zile sita. Kila transakisheni inaanza na `SET LOCAL ROLE` ya moduli husika, na ikiisha, akaunti inarudi yenyewe. Mtu akiamua kuikwepa anaweza, kwa hiyo usiihesabu kama ukuta wa usalama. Inakamata makosa ya bahati mbaya, na kisa cha FundiSkima kilikuwa kosa la bahati mbaya.

Swali la pili namwachia mwingine, maana hapo ndipo panapouma.

#9 FundiSkima

Panauma kweli. Kwetu oda ikithibitishwa, lazima salio la stoo lipungue papo hapo. Leo vyote vipo kwenye transakisheni moja. Nikigawa, oda inaweza kupita na stoo ikakataa.

#10 NuruKodi

Basi niulize tofauti: umewahi kuwa na siku ambayo oda ilithibitishwa bila kugusa stoo? Kama hakuna, huenda hizo si moduli mbili. Ni moja, mliikata kwa sababu neno "stoo" na neno "oda" ni maneno mawili. Vitu vinavyolazimika kuwa kweli kwa pamoja, kwa sekunde ile ile, vikae pamoja.

#11 MzeeWaJedwali

Hapa namuunga mkono Nuru, na naomba iandikwe maana hutokea mara chache. Transakisheni inakuonyesha mpaka wa kweli wa moduli kuliko mchoro wowote. Chukua logi ya wiki moja, angalia majedwali gani yanaandikwa pamoja ndani ya transakisheni moja. Yale yanayoandamana kila mara ni ndugu.

#12 TumainiBekiendi

Siyo lazima yaunganishwe. Kuna njia ya kikasha cha kutoka, na mimi naitumia kila siku.

Oda inathibitishwa. Ndani ya transakisheni hiyo hiyo unaandika mstari kwenye jedwali la kikasha: "oda namba fulani imethibitishwa, bidhaa hizi, idadi hii." Transakisheni ikikamilika, vyote viwili vimehifadhiwa, ikianguka, vyote vimefutika. Kisha programu nyingine inasoma kikasha kwa `FOR UPDATE SKIP LOCKED` na kuipasha stoo habari. Hiyo ipo PostgreSQL tangu 9.5 na MySQL tangu 8.0, nayo inaziwezesha programu nyingi kugawana mistari ya foleni bila kusubiriana.

Jambo moja lishike sana: ujumbe unaweza kufika mara mbili. Programu ikishatuma na kuzimika kabla ya kuweka alama, ikiwaka itatuma tena. Mimi mara ya kwanza sikulizingatia, wateja wakapokea risiti mbilimbili asubuhi nzima. Sasa kila moduli inayopokea ina jedwali la namba za matukio iliyokwisha kuyashughulikia, lenye kizuizi cha upekee, na namba inaandikwa kwenye transakisheni moja na kazi yenyewe.

#13 DadaSeva

Tumaini, kwa risiti na barua pepe nakubali. Kwa salio la stoo, je? Bidhaa imebaki moja, watu wawili wanathibitisha kwa wakati mmoja, kikasha kinapeleka habari baadaye. Umeshamuahidi wa pili kitu ambacho hakipo.

#14 TumainiBekiendi

Ndiyo maana oda inaanza kama "inasubiri" na inakuwa "imethibitishwa" stoo ikishajibu. Mteja anaona hatua hizo mbili. Biashara nyingi zinaishi hivyo bila shida.

#15 DadaSeva

Na nyingine haziwezi. Hapo anayejua ni mwenye biashara, sisi tunabashiri tu.

#16 Mlinganyo

Nimesoma yote na naona mnazunguka jambo. Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba mfumo hufuata umbo la mawasiliano ya watu walioubuni. FundiSkima hajasema wako wangapi. Kama ni watu watatu wanaokaa meza moja, moduli sita zenye skima sita ni mzigo, mtatumia siku nzima kujiandikia barua wenyewe. Kama ni timu nne zisizoonana, hata FK moja itawagombanisha.

#17 FundiSkima

Tuko watano, wawili wapya. Kazi ya usiku ya malipo iliandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka.

#18 Mlinganyo

Basi mtu wa sita ni yule aliyeondoka. Mpaka lazima uandikwe mahali ambapo hata asiyekuwepo anautii, na hapo namrudia Kipanga na ruhusa zake.

#19 ShangaziUUID

Kabla hamjagawa chochote, angalieni funguo msingi, zile namba zinazotambulisha kila mstari. Kama majedwali yenu ya zamani yanatumia `integer` ya kawaida, mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwenye jedwali la matukio mtaufikia mapema kuliko mnavyodhani, hasa mkianza kikasha cha Tumaini. Tumieni `bigint`, namba yenye nafasi kubwa zaidi, au UUID, kitambulisho kirefu kisichojirudia.

Na kwa moduli, UUID ina faida ya pekee: moduli inaweza kutengeneza namba ya kitu kabla ya kugusa databesi. Toleo la 7, lililoingia kwenye RFC 9562 (hati ya viwango vya intaneti) mwaka 2024, linaanza na muda, kwa hiyo namba mpya zinakaa karibu karibu kwenye indeksi, ile orodha ya kutafutia mistari haraka. Toleo la 4 linatawanyika ovyo. PostgreSQL 18 inayo `uuidv7()` ndani yake.

#20 Kipanga

Shangazi huwezi kupita uzi bila kuacha UUID mlangoni.

#21 ShangaziUUID

Na sitaacha mwanangu, kwa sababu kila ninapopita nakuta kuna aliyeisahau. UUID ni baiti 16, `bigint` ni 8. Kwa jedwali dogo hutaona tofauti. Kwa jedwali lenye indeksi tano, pima kwanza.

#22 MzeeWaJedwali

Turudi kwenye FK. Faida nyingine ambayo hamjaitaja: ukiweka FK, indeksi inajitengeneza yenyewe.

#23 DadaSeva

Mzee, hapana. InnoDB hutengeneza indeksi upande wa jedwali linaloelekeza. PostgreSQL haifanyi hivyo, inadai upekee upande unaoelekezwa tu. Nimeumwa na hili. Kufuta mtumiaji mmoja kulikuwa kunachukua sekunde nyingi kwa sababu kwa kila kufuta, databesi ilipitia jedwali zima la oda kutafuta kama bado kuna anayemwelekea. Tukaweka indeksi kwenye `mtumiaji_id`, tatizo likaisha siku hiyo hiyo.

#24 MzeeWaJedwali

Nimetumia MySQL miaka mingi, nikadhani ni kanuni ya wote. Shukrani, nitakagua ya kwetu leo.

#25 Nanga

Kuna gharama nyingine ya FK ya kuvuka moduli, nayo ni kufuli. Ukiingiza oda, PostgreSQL inaushika mstari wa mtumiaji kwa kufuli jepesi la `FOR KEY SHARE`, ili asifutwe katikati. Kwa kawaida halimsumbui mtu. Lakini moduli yetu ya malipo ilikuwa inachukua mstari wa mtumiaji kwa kufuli zito la `FOR UPDATE` wakati wa kukokotoa salio lake, na hayo mawili yanagongana. Oda za mtumiaji huyo zikawa zinasubiri malipo yamalize. Moduli mbili zisizojuana kwenye msimbo zikasubiriana kupitia jedwali la moduli ya tatu! Tulibadili kuwa `FOR NO KEY UPDATE`, zikapishana.

Simaanishi FK ikatwe. Namaanisha ukiiweka, ujue umeunganisha pia kufuli.

#26 NuruKodi

Nanga amesema kwa mfano mmoja nilichoshindwa kusema kwa aya tatu.

#27 Mwanagenzi

Je, migresheni, zile faili za kubadili skima hatua kwa hatua? Kila moduli iwe na folda yake ya migresheni au zote pamoja? Sisi tuna mpangilio mmoja wenye namba na kila siku watu wawili wanachukua namba moja.

#28 DadaSeva

Tulianza na folda moja kwa kila moduli. Ilikuwa raha hadi siku tulipojaribu kujenga databesi mpya kutoka sifuri. Malipo ilikuwa na FK kwenda oda, na oda baadaye ikaongezewa safuwima `malipo_ya_mwisho_id` yenye FK kwenda malipo. Databesi ya zamani ilikuwa nzima kwa sababu ilikua polepole. Databesi mpya ikagoma: oda yote inasubiri malipo, malipo yote inasubiri oda. Kwa miezi hakuna aliyejua, mpaka tulipohitaji seva mpya ya majaribio.

Tangu hapo tuna sheria mbili. FK zinaenda upande mmoja tu: malipo inaijua oda, oda haiijui malipo. Na kila usiku databesi inajengwa upya kutoka mwanzo, ikishindikana tunajua asubuhi.

Kwa namba, tumieni muhuri wa muda badala ya 1, 2, 3. Hamtagongana.

#29 Kipanga

Niongeze: PostgreSQL inaruhusu mabadiliko mengi ya skima ndani ya transakisheni, migresheni ikifa katikati inarudi nyuma yote. MySQL inakamilisha transakisheni yenyewe kwenye kila `ALTER TABLE`, kwa hiyo unaweza kubaki nusu njia. Ila hata PostgreSQL, `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, ya kutengeneza indeksi bila kuzuia watu kuandika, haikubali kukaa ndani ya transakisheni. Iweke peke yake.

Na FK kwenye jedwali kubwa usiiongeze kwa mkupuo. Iongeze kwa `NOT VALID`, kisha `VALIDATE CONSTRAINT` baadaye. Hatua ya pili hukagua mistari ya zamani bila kuzuia watu kuandika.

#30 MwenyeRipoti

Mmezungumza oda, malipo na stoo, na mimi wa ripoti mmenisahau, wakati kwenye #1 ndiye niliyeanguka wa kwanza. Ripoti haiwezi kuita huduma tano na kuunganisha mistari laki moja kwenye kumbukumbu. Ripoti ni joini. Mkininyima joini mmeninyima kazi.

Kinachofaa ni mionekano, zile kwiri zinazohifadhiwa kwa jina na kusomwa kama jedwali. Moduli ya oda inatoa `oda.kwa_ripoti` na kuahidi safuwima zake hazitabadilika. Mimi napewa ruhusa ya kuusoma mwonekano huo tu, jedwali sioni. Kwa kawaida PostgreSQL hutumia ruhusa za mwenye mwonekano, kwa hiyo inafanya kazi.

Na sasa sikilizeni: PostgreSQL inashika safuwima za mwonekano kwa namba ya ndani, haitumii jina. Mwenzake FundiSkima angebadili `hali` kuwa `hatua`, mwonekano ungeendelea kutoa `hali` kama kawaida. Nisingejua hata kama kuna kilichobadilika. Angejaribu kuifuta, databesi ingekataa na kumtajia mwonekano unaoitegemea.

#31 FundiSkima

Nimejaribu hili sasa hivi kwenye databesi ya majaribio. Ni kweli kabisa. Miaka yote hii sikuwa najua.

#32 NuruKodi

Ni njia nzuri, nakubali. Wasiwasi wangu ni kwamba mwonekano unaokataa safuwima isifutwe umekuwa mnyororo ule ule. Baada ya mwaka mtakuwa na mionekano arobaini, kila mmoja una mwenyewe aliyeondoka.

#33 MwenyeRipoti

Mnyororo unaouona ni afadhali kuliko kamba usiyoiona. Nimeishi na vyote viwili.

#34 Nanga

Swali ambalo halijaulizwa: bei. Mstari wa oda una FK kwenda bidhaa, na risiti ya zamani inachapishwa kwa bei ya leo? Tulikuta hivyo mahali fulani. Bei na jina la bidhaa wakati wa kuuza ni mali ya oda, vinakiliwa na havibadiliki tena. Ukishanakili, utaona joini nyingi kati ya oda na bidhaa hazikuwa na sababu ya kuwepo.

#35 MzeeWaJedwali

Kunakili bei, sawa, hiyo ni historia. Lakini FK ibaki na `ON DELETE RESTRICT`, inayokataa kufuta kitu ambacho bado kinaelekezwa. Na mtu asithubutu kuweka `CASCADE`, inayofuta pia vyote vinavyokielekea, kati ya moduli. Nimeona akaunti ya mtumiaji ikifutwa kwa ombi lake halali, na ankara zake zote zikaondoka naye. Mhasibu alikuja na karatasi mkononi kutuuliza, hatukuwa na jibu.

#36 TumainiBekiendi

Hicho kisa, Mzee, kinanipa nguvu mimi. Bila FK, moduli ya malipo ingesikia tukio la "mtumiaji amefutwa" na kuamua yenyewe: ifiche jina, itunze ankara. Uamuzi wa nini kibaki ni wa malipo. `CASCADE` iliamua kwa niaba yake, na `RESTRICT` nayo inaamua kwa niaba ya moduli ya watumiaji.

#37 MzeeWaJedwali

Na tukio lisipofika? Au likifika kwa moduli nne na ya tano ikawa imezimwa?

#38 TumainiBekiendi

Linabaki kwenye kikasha mpaka ifufuke.

#39 MzeeWaJedwali

Katikati hapo data yako inasema uongo, na hakuna anayejua kwa muda gani.

#40 FundiSkima

Shukrani wote. Tulikaa leo asubuhi tukaamua tuanze hivi: skima kwa kila moduli, ruhusa kama za Kipanga, mionekano kwa ripoti, na kazi ya usiku ya malipo iandikwe upya leo leo. Oda na stoo tunaziunganisha kuwa moduli moja. Logi tuliyoipima kama alivyosema Mzee ilionyesha zinaandikwa pamoja karibu kila mara.

FK hatukukubaliana. Tumeziacha zile zinazoelekea upande mmoja, na tumegoma kwenye ile ya `malipo` kwenda `watumiaji`. Wawili wanataka ikatwe, wawili ibaki, nami nikisoma #36 nakuwa huku, nikisoma #39 narudi kule.

#41 Mwanagenzi

Mkuu, ile FK ya malipo kwenda watumiaji, mtumiaji akifutwa kwenu mstari wake unaondoka kweli au mnaweka alama tu kwamba amefutwa?

#42 FundiSkima

Leo tunaufuta kabisa. Hilo hata hatukulijadili. Subiri niwaulize wenzangu.